Wamepachika picha zangu kwenye mchoro wa 3D, wamezigeuza, sasa ati kosa langu na hela hawatoi!

Assalaam alaykum wanajamvi. Nina hasira na sifichi.

Mwezi wa pili huu nadai nusu ya malipo yangu, laki tisa. Kampuni moja ya nyumba hapa Unguja iliniita niwapige watu picha studio: mama kajifunga kanga, bwana na kanzu na kofia yake, watoto wawili. Kisha wakatwe, wapachikwe kwenye mchoro wa kompyuta wa nyumba za Paje ambazo hata msingi hazina. Kabla sijawasha taa nikauliza: kwenye huo mchoro kamera imesimama urefu gani? Jua linatoka wapi? Jibu: "Wewe piga tu, mchoro bado. Mengine tutayarekebisha kwenye Photoshop."

Nikapiga. Kamera usawa wa kifua, taa kubwa kushoto, flashi ya kawaida ya Kelvin 5500, yaani mwanga mweupe kama wa mchana.

Bango limetoka. Mchoro unatazamwa kutoka juu, kama mtu aliyeko roshani, sakafu yote wazi. Watu wangu wanatazamwa usawa wa kifua. Basi wanaelea, nyayo hazigusi chini, yule mtoto mdogo kama kaning'inizwa. Photoshop itabadili rangi, itatia kivuli, lakini haiwezi kukuonesha utosi wa mtu ambao kamera haikuuona!

Jua la mchoro liko kulia, taa yangu ilikuwa kushoto. Wakafanya nini? Wakaigeuza picha nzima. Jina la kanga linasomeka kinyumenyume, barabarani, Zanzibar hii! Yule mama ni wa mtaani kwetu, kanga ile aliitoa sandukuni kwa ajili ya kazi hii. Kanipigia simu: "Mwanangu, ndo mmenifanya nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Na hilo jua lenyewe. Jekundu, linazama baharini. Paje! Paje iko mashariki jamani, jua linachomoza baharini, jioni linazama nyuma yako kwenye minazi. Aliyechora labda hajawahi kufika, simlaumu sana. Aliyeidhinisha ni mzaliwa wa hapa hapa. Mtu akinunua nyumba kwa kibaraza cha kutazama machweo baharini, siku akihamia atatazama nini? Wangeniambia mapema kuwa ni machweo, ningefunika flashi kwa plastiki ya rangi ya chungwa na kuishusha taa, dakika tano tu. Sasa nyuso zina mwanga wa saa sita mchana na ukuta nyuma yao umeiva kama papai.

Leo nimeambiwa picha zangu "hazikai", ndiyo maana hawamalizii malipo.

Nimewaandikia: nileteeni mchoro, hata ule mtupu wa kijivu, na urefu wa kamera, umbali wa mtu, upana wa lenzi na pembe ya jua. Nitapima studio kwa futi na kupiga upya, watu wasimame pale pale mchoro unapowataka. Kimya.

Mlioko kwenye fani, nani amewahi kudai hela ya namna hii akalipwa? Mkataba wangu ni meseji za WhatsApp, zote ninazo, pamoja na ile ya "piga tu". Na hata kabla ya laki tisa zangu, lile bango walishushe. Yule mama analipita kila akienda sokoni.