Mwanachama akiingia anaona salio la mwenzake, naombeni ushauri kuhusu kache ya seva

FundiKirumba, Ijumaa saa 4:12 usiku
Wakuu, habari za usiku. Nina mfumo wa kikundi cha kuweka na kukopa cha wavuvi na wachuuzi wa dagaa hapa Kirumba, Mwanza. Nyuma kuna programu ya PHP, mbele nimeweka Nginx, programu inayopokea maombi ya watu na kuhifadhi nakala za kurasa (ndiyo kache) ili zifunguke haraka. Tangu juzi mwanachama akiweka namba yake na nenosiri, mara nyingine ukurasa unafunguka na jina la mtu mwingine. Akisubiri dakika kumi, inakaa sawa. Mimi nikijaribu naona akaunti yangu vizuri tu. Seva nimeizima na kuiwasha mara tatu. Nifanyeje? Simu haipumziki.

ApacheNyegezi
Hilo ni nenosiri kukumbukwa, mkuu. Ukitumia kile kisanduku kinachoruka kuuliza jina na nenosiri, brauza inalishikilia hadi uifunge. Na kwenye Apache, programu ya seva kama hiyo Nginx yako, ukiwasha mod_authn_socache, seva nayo hukumbuka, kwa kawaida sekunde 300. Mimi nilifuta jina la karani aliyeacha kazi, nikajaribu kwa nenosiri lake, likakubali! Nikampigia bosi kwamba tumeingiliwa, kumbe dakika tano hazijaisha. Pole sana, hamia Apache.

FundiKirumba
Asante kaka, ila situmii kisanduku wala Apache.

MamaSato
Mwanangu, hizo ni hela za watu wanaolala ziwani. Kabla ya kuuliza mitambo, umemwambia mwenyekiti?

JiweZiwani
Weka konfigi (faili la mipangilio) hapa. Nginx yenyewe haihifadhi jibu lenye Set-Cookie, yaani linalompa mtu kuki, alama ya kumtambua. PHP nayo ikianzisha sesheni (kumfuatilia mtu tangu aingie hadi atoke) hutuma Cache-Control ya no-store, yaani usihifadhi. Kwa hiyo kuna mstari umeuongeza kwa mkono wako. Upi?

FundiKirumba
Sawa. Niliongeza proxy_ignore_headers Set-Cookie Cache-Control Expires ili Nginx ipuuze makatazo hayo, na proxy_cache_valid ili nakala ikae dakika kumi. Siyo uzembe. Seva ina giga moja ya kumbukumbu (RAM), na Jumatano usiku wavuvi waliingia kwa wingi mpaka ikawa inakata roho. Nilipoweka kache ikapaa. Nimeshaamua napunguza iwe dakika moja na kuifuta kila usiku. Uongozi sijauambia, sioni haja ya kuwatia hofu wazee.

KarabaiUkerewe
Jamani, hii imetungwa. Mimi mtoto wa Ukerewe, baba ana mtumbwi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku, taa zinaelea juu ya maji, wavu unavutwa hadi alfajiri. Wavuvi gani hao walio nyumbani usiku wanaangalia salio?

MchuuziMwaloni
Labda ni dagaa wenyewe walioingia kuulizia hisa zao 😂

ApacheNyegezi
Hata mimi nimeanza kushtuka. Leo fundi, kesho anaomba mchango.

FundiKirumba
Ndugu yangu wa Ukerewe, Jumatano uliangalia juu? Mwezi ulikuwa mpevu. Mbalamwezi ikiwaka taa haimvuti dagaa, mitumbwi imepandishwa mchangani, watu wako nyumbani. Hesabu za giza lililopita, yaani siku za kuvua zisizo na mbalamwezi, ndiyo zimefungwa, kila mmoja anataka kuona mgawo wake umeingia. Ndiyo maana walijaa usiku ule ule.

KarabaiUkerewe
Hapo umenipata. Samahani sana. Kwetu mbalamwezi ndiyo wakati wa kushona nyavu na kudaiana. Endeleeni.

JiweZiwani
Basi sikiliza, dakika moja haitakuokoa. Mtu anapofungua ukurasa wa kuingia, programu inampa kuki ya sesheni. Wewe umeamuru Nginx ihifadhi ukurasa ule pamoja na kuki yake. Wote waliofungua ndani ya dakika kumi wamepewa kuki moja. Ni kama kuchonga ufunguo mmoja na kuugawa mtaa mzima: mmoja akiingia, wenzake nao wamo kwa jina lake. Hawaoni tu, wanaweza pia kutenda. Kuwasha upya hakusaidii, kwa sababu kache iko kwenye diski. Wewe huoni tatizo labda kwa kuwa unajaribu ukiwa ndani ya seva, bila kupita Nginx.
Sasa jibu kwa ukweli: kuna ombi lolote la kutoa hela ambalo mwenyewe amelikana?

FundiKirumba
Lipo. Shilingi 180,000, akaunti ya mama mmoja muuza dagaa. Alisema hajaomba, nikadhani amesahau. Mhasibu hajalipa bado.

MamaSato
Hakusahau.

BinadamuWaIgoma
Usijifiche, kaka. Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, walipatwa na jambo la aina hii tarehe 25 Desemba 2015: mipangilio ya kache ilikosewa na watu wakaona kurasa za wenzao. Walijitokeza wakataja takribani watu 34,000. Na kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023. Salio la mtu ni taarifa yake.

JiweZiwani
Ng'oa mstari wa proxy_ignore_headers. Kwenye ukurasa wa kuingia na wa akaunti weka proxy_cache off, kache ibaki kwa picha na matangazo tu. Futa mafaili ya kache, kisha futa sesheni zote ili kila mtu aingie upya. Kwenye programu weka session_regenerate_id, impe mtu kuki mpya mara nenosiri linapokubaliwa. Halafu ongeza kichwa cha X-Cache-Status uone kwa macho yako: kikisema HIT, ukurasa umetoka kwenye kache.

FundiKirumba, Jumamosi saa 9:40 usiku
Nimemaliza. Kabla ya kufuta, nilifungua ukurasa wa kuingia kwa simu mbili: zote HIT, na kuki ni ile ile herufi kwa herufi. Mikono ilinitetemeka. Sasa HIT haitokei tena na kila simu inapata kuki yake. Seva ni nzito kidogo, nitaomba waiongezee RAM. Rekodi za seva za walioingia na walichofanya, Jumatano hadi leo, nimezinakili. Kukikucha nakwenda mwaloni, kwenye soko la samaki, naanza na yule mama, halafu mwenyekiti.

MamaSato
Nenda mapema. Saa moja mzigo ukishaanza kupakiwa hatakuwa na muda na wewe.