Diski ya nje yenye picha za wateja imeanguka na sasa inagonga: niendelee kunakili au niizime?

Mpigapicha wa Moro (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wanajukwaa. Ninaendesha studio ndogo ya picha mjini Morogoro, na kazi zangu za miaka 4 nimezihifadhi kwenye diski ya nje ya TB 1, ya aina ile yenye sahani zinazozunguka. Juzi mtoto alijikwaa kwenye waya, diski ikaanguka kutoka mezani ilhali inafanya kazi. Tangu hapo majina ya folda yote yanaonekana, lakini nikianza kunakili, baadhi ya faili zinapita haraka na nyingine zinasimama dakika nzima huku ndani kukisikika tik, tik, tik, kisha kimya. Kompyuta inaniomba niiruhusu ikague na kurekebisha diski. Fundi wa kwanza amependekeza aifomati ili ikae sawa, wa pili anataka kuifungua aisafishe. Kabla sijamkabidhi mtu yeyote, naomba kueleweshwa data hukaaje humo ndani, na kwa nini majina yaonekane ilhali picha zenyewe hazifunguki. Mna harusi 3 ambazo wenyewe bado hawajakabidhiwa kazi yao.

Bi. Kumbukumbu
Chomoa kwanza, maelezo yatafuata. Na hilo ombi la kompyuta likatae.

Fundi Saketi
Pole sana, ndugu. Nianze na swali lako la majina, maana ndilo lililobeba majibu ya mengine. Ndani ya kasha hilo mna sahani moja au zaidi za alumini au kioo, zilizopakwa utando mwembamba wa aloi ya kobalti unaoshika usumaku. Data huandikwa kwa kuelekeza usumaku wa vijieneo vidogo mno huku au kule, na kichwa cha kusomea kinapopita juu yake hutambua mabadiliko ya mwelekeo huo, ambayo saketi huyageuza kuwa 0 na 1. Vijieneo hivyo vimepangwa katika njia za duara, na kila njia imegawanywa katika sekta, ambazo katika diski nyingi za siku hizi hubeba baiti 4096 kila moja. Jina la picha na picha yenyewe havikai mahali pamoja: majina na anwani za sekta yamo katika jedwali la faili, mfano wa daftari la mtunza ghala, na mizigo yenyewe imetawanyika kwenye rafu. Kwako daftari limepona, baadhi ya rafu ndizo zilizoumia.

Ama huo mlio, diski nyingi za aina yako huzunguka mara 5400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni takriban milisekunde 11, na kichwa huelea juu ya hewa inayoburutwa na mzunguko huo kwa kimo cha nanomita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa hiyo fundi wa pili simuungi mkono hata kidogo. Chembe moja ya vumbi la kiangazi, kwa kichwa hicho, ni jiwe katikati ya barabara. Diski ilipoanguka, yaelekea kichwa kiligusa sahani. Sekta isiposomeka, diski husubiri sahani izunguke irudi palepale, ijaribu tena na tena, na pengine mkono unaobeba kichwa hurudishwa pembeni ukaanze upya kuitafuta njia. Hizo ndizo dakika unazosubiri, na kila jaribio laweza kukwangua zaidi. Kuifomati kwa haraka ni kuandika daftari jipya tupu juu ya lile lililopona. Kuifomati kikamilifu kwa Windows, tangu toleo la Vista, ni kuandika sifuri diski nzima.

Nunua diski nyingine isiyopungua ukubwa huo, washa kompyuta kwa Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, kisha utumie programu ya ddrescue. Programu hiyo haijali majina. Hunakili sekta kwa sekta, ikifika penye ubovu huruka na kuendelea mbele, ikimaliza sehemu nzima ndipo hurudi kwenye zile ngumu, na huweka kumbukumbu ya ilipofikia ili ukizima usianze upya. Mlio ukigeuka kuwa wa mfululizo na diski isitambulike tena, hapo acha kabisa na uipeleke kwa wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi.

Kijana wa Kariakoo
Mimi nilisikia diski ya namna hiyo huwekwa kwenye friji usiku mmoja, asubuhi inasoma.

Fundi Saketi
Ikitoka humo kwenye joto la Morogoro, unyevu utafanya matone juu ya sahani kama kwenye chupa ya soda baridi. Naomba tusimpoteze mwenzetu.

Mpigapicha wa Moro
Ninarudi na taarifa baada ya siku 3. Usiku wa kwanza sehemu kubwa ilinakiliwa bila shida. Saa zilizobaki zote zilikwenda kwenye vipande vidogo, na hatimaye MB 41 zimekataa kabisa. Harusi 2 ni nzima. Ya tatu ina picha 17 zilizoharibika: bibi harusi anaonekana vizuri kuanzia kilemba hadi kidevuni, na chini ya hapo ni rangi ya kijivu tupu.

Bi. Kumbukumbu
Hiyo ni kawaida ya JPEG, aina ya faili ya picha zako. Picha hufunguliwa kwa mfuatano kutoka juu, sekta ikikosekana katikati, kinachofuata hakieleweki. Kadi ya kamera uliyotumia siku hiyo iko wapi?

Mpigapicha wa Moro
Ninayo, lakini niliifomati ndani ya kamera wiki iliyopita.

Bi. Kumbukumbu
Umepiga picha ngapi tangu hapo? Mara nyingi kamera hufuta daftari tu, na picha hubaki zilipo hadi nyingine ziandikwe juu yake. Ipitishe kwenye PhotoRec, programu ya kuokoa faili ambayo hutafuta mwanzo wa kila picha bila kutegemea daftari, na unachokiokoa ukihifadhi kwingine, si kwenye kadi hiyohiyo.

Mpigapicha wa Moro
Nimepiga 6 tu, za pasipoti. Kadi nimeitoa kwenye kamera sasa hivi.