Nimeambiwa mfupa wa taya umeliwa, nipandikizwe kwanza ndipo niwekewe jino. Waliopitia naombeni ushauri

Mtulivu (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu wote. Niende moja kwa moja.

Mwaka 2018 niling'olewa gego la chini kushoto. Lilikuwa limeoza hadi mzizini, likatoka vipande vipande. Nikasema pengo nitaliziba nikitulia. Miaka ikapita. Ulimi umezoea kwenda pale, na kwa kweli nimeusikia ufizi ukizidi kuzama, hasa upande wa shavuni, mpaka pamekuwa kama kijibonde.

Juzi nikaenda kutaka jino la kudumu, lile la skrubu ya titani inayoingizwa kwenye taya. Daktari akapiga picha, akanionyesha, akasema mfupa ni mwembamba, skrubu haitashika. Nipandikizwe mfupa, nisubiri miezi, ndipo tuongee jino. Nikauliza huo mfupa unatoka wapi. Akataja ng'ombe, akataja mtu aliyefariki, akataja taya langu mwenyewe, na muda wangu ukawa umeisha. Nimetoka na karatasi mkononi, sijui nianze kufikiria lipi.

Ni kweli mfupa unapotea hivihivi wakati sijaugua taya? Kuna ulazima? Inauma kiasi gani? Naogopa, sifichi.

BiMdogo

Pole Mtulivu. Nimefanyiwa, chini pia, upande wa kulia. Siku yenyewe haikunitesa: ganzi ya kawaida, niko macho, saa moja na ushei. Unasikia kusukumwa na kukwanguliwa, maumivu hapana. Kazi ni siku ya pili na ya tatu, shavu linavimba mpaka kioo unakikwepa. Siku ya kwanza weka barafu iliyofungwa kitambaa, uiweke na kuitoa. Lala kichwa kimeinuka, mito miwili. Siku ya nne uvimbe ukaanza kushuka.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni hiki. Siku ya tano nilitema maji ya chumvi nikaona punje nyeupe kwenye sinki, kama mchanga mnene. Nililia nikijua kazi yote imeharibika. Nikapiga simu, nikaambiwa punje mbili tatu za mfupa uliopandikizwa ni kawaida, mradi nyuzi zimeshika na utando unaozifunika haujafunuka. Ikawa hivyo kweli.

Chonge

Mkuu, kabla ya kukubali kukatwa jaribu vidonge vya kalsiamu na vitamini D miezi kadhaa. Mfupa ni mfupa, ukilishwa unarudi.

DaktariWaKinywa

Mimi ni daktari wa meno. Ndugu Chonge, najua umeandika kwa nia njema, ila hili nalisahihisha kwa sababu linawapotezea watu muda. Mfupa uliokwisha kupotea pale jino lilipong'olewa haurudi kwa vidonge. Haukupotea kwa njaa ya kalsiamu, ulipotea kwa kukosa kazi.

Mtulivu, sehemu ya taya inayobeba meno ipo kwa ajili ya meno. Kila unapotafuna, mzizi unausukuma mfupa, na mfupa unajijenga upya kuupokea ule mzigo. Jino likiondoka, mwili hauoni sababu ya kuutunza ukuta ule, unaanza kuubomoa. Kwa magego, upana unaweza kupungua karibu nusu ndani ya miezi 12 ya kwanza, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Ukuta wa upande wa shavu ndio mwembamba, ndio unaotangulia kwenda. Kile kijibonde chako kina maelezo yake hapo. Kwa hiyo ndiyo, unapotea bila ugonjwa wowote. Ugonjwa wa fizi ukiwepo, unaharakisha tu.

Sasa kuhusu mfupa unaopandikizwa. Watu wengi wanadhani tunachomeka mfupa wa ng'ombe na unabaki kuwa taya lao. Sivyo. Zile punje ni jukwaa, kama miti ya mafundi wa ujenzi. Mishipa ya damu inaingia katikati yake, kisha seli zako mwenyewe zinapanda juu yake na kujenga mfupa wako. Punje za ng'ombe zimeondolewa nyama na mafuta, yamebaki madini. Za mtu aliyefariki hutoka kwa aliyeridhia kutoa, zikapimwa magonjwa na kusafishwa. Zipo za kutengenezwa kiwandani, za madini ya kalsiamu na fosfeti. Mfupa wako mwenyewe, wa kidevuni au nyuma ya taya, una seli hai, huo ndio bora kwa kazi kubwa, lakini ni jeraha la pili, na ukichotwa kidevuni meno ya mbele au mdomo wa chini unaweza kubaki na ganzi kwa muda.

Na skrubu haishiki kwenye punje, inashika kwenye mfupa hai uliokomaa. Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi ndiye aliyegundua katika miaka ya 1950 kwamba titani na mfupa vinashikamana, na mgonjwa wa kwanza akawekewa mwaka 1965. Ndiyo maana unaambiwa usubiri miezi 4 hadi 6, wakati mwingine 9. Anayekuharakisha hapo hakusaidii.

Mtulivu

Daktari, Mungu akubariki, hata nimepumua. Swali la imani: kwangu nguruwe haruhusiwi kabisa. Hizo punje zinaweza kuwa za nguruwe?

DaktariWaKinywa

Zipo za nguruwe, ndiyo, kwa hiyo uliza. Ila wengi huuliza punje wakausahau utando. Juu ya punje tunalaza utando mwembamba wa kolajeni, protini itokayo kwa wanyama, kazi yake ni kuzuia ufizi usiingie haraka kuliko mfupa, maana ufizi unakua mbio na mfupa unakwenda polepole. Utando huo mara nyingi ni wa nguruwe. Waambie mapema, wa ng'ombe upo pia.

MzeeWaSubira

Nami niseme la kwangu, maana wangu ulishindikana. Nilipandikizwa juu, magego, ambako mfupa ulikuwa umebaki kama karatasi chini ya ule uwazi wa hewa ulio pembeni mwa pua. Wanaunyanyua utando wa uwazi huo taratibu, wanajaza punje chini yake. Nilikatazwa kupenga kamasi wiki kadhaa, na chafya nipige mdomo wazi. Hayo niliyatii.

Ambalo sikulitii ni sigara. Nilijiambia mbili kwa siku si kitu. Wiki ya tatu kidonda kikafunguka, utando ukaonekana, harufu mbaya, usaha. Wakasafisha kila kitu, nikarudi sifuri. Na meno yangu ya kuvaa na kuvua nilikuwa nayavaa juu ya kidonda kwa sababu niliona aibu kutoka nje na pengo, yakawa yanagandamiza palepale. Mara ya pili niliacha sigara miezi miwili kabla, na yale meno yakachongwa ndani yasiguse. Umeshika. Mtulivu, kama unavuta, usianze kabla hujaacha.

Chonge

Nimeelewa daktari, asante. Basi ulazima upo? Si aweke daraja tu, lile jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani?

DaktariWaKinywa

Swali zuri, na jibu ni kwamba ulazima haupo. Daraja linawezekana, lakini meno mawili ya jirani yatachongwa, na kama ni mazima mimi yananiuma kuyachonga. Mfupa chini ya daraja utaendelea kushuka. Meno ya kuvaa na kuvua yapo. Mahali pengine skrubu fupi au nyembamba inatosha bila kupandikiza. Na kuna anayeamua kubaki na pengo, ni haki yake.

Mtulivu, ukirudi omba picha ya pande tatu, si ile bapa peke yake, na uambiwe milimita. Skrubu ya kawaida kwa gego ina unene wa milimita 4 na zaidi, na tunapenda ibaki milimita moja na nusu ya mfupa kila upande. Chini kuna neva ya mdomo, yaani mshipa wa hisia, tunaiachia kama milimita 2. Ukizijua namba zako utaelewa mwenyewe kwa nini umeambiwa ulichoambiwa.

Mwambie pia kama una kisukari na kiko wapi kwa sasa, kama uliwahi kupigwa mionzi ya kichwa au shingo, na kama unatumia dawa za mifupa kama alendroneti au sindano za aina hiyo. Hizo dawa zinaweza kufanya taya lisipone baada ya kukatwa. Usiache dawa kivyako, madaktari wako wawili waongee.

Mtulivu

Wakuu, nimerudi na majibu. Picha ya pande tatu imepigwa. Upana juu ya taya ni milimita 3.5, kimo hadi kwenye neva ni 12. Nilipoziona namba sikuhitaji kushawishiwa, hata kwa hesabu ya vidole skrubu haikai. Kimo kipo, upana ndio umekwenda.

Tumekubaliana punje za ng'ombe zichanganywe na mfupa wangu kidogo utakaokwanguliwa hapohapo jirani, utando wa ng'ombe, kusubiri miezi 6, picha nyingine, kisha skrubu. Fizi zinasafishwa kwanza kwa sababu amekuta zinatoka damu. Sivuti.

Lile la dawa limeniokoa upande mwingine kabisa. Mama yangu anameza kidonge cha mifupa kila wiki, miaka sasa, na alikuwa ang'olewe jino wiki ijayo bila kumwambia daktari. Nimempigia, tunakwenda naye na pakiti yake ya dawa mkononi. Nimeuliza pia kama shimo lake linaweza kujazwa punje siku hiyohiyo, nikaambiwa hupunguza mfupa kunywea japo hauzuii wote, ila kwa dawa zake wataamua baada ya kuzungumza na daktari wake.

BiMdogo

Alhamdulillahi kwa mama. Wewe tarehe yako lini?

Mtulivu

Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi.

BiMdogo

Mito miwili iweke tayari usiku wa Jumatano. Na ukiona punje kwenye sinki, niandikie hapahapa kabla hujaanza kulia.