Ninaomba ushauri: kampuni ipi ya bima inafaa gari la spoti, nikiwa Kisumu?

Mkaazi_wa_Milimani (Kisumu) aliandika:

Wenzangu, salaam. Mimi ni mfamasia hapa mjini, na baada ya miaka mingi ya kuendesha gari la kawaida nimeagiza kutoka Japani Toyota 86 ya mwaka 2018, ya milango miwili na gia za mkono, ambayo pamoja na ushuru imenigharimu shilingi milioni 2.9. Ililetwa kutoka Mombasa kwa bima ya mwezi mmoja ya mtu wa tatu, na stika hiyo imebakiza siku tisa.

Nimetafuta bei ya bima kamili katika kampuni nne. Ya kwanza inataka asilimia 3.5 ya thamani ya gari, yaani shilingi 101,500. Ya pili inataka asilimia 4, yaani 116,000. Ya tatu inataka asilimia 5.5 na imesema ni lazima ilione gari kwanza. Ya nne ilisikia "milango miwili" tu ikaniambia haichukui magari ya aina hiyo. Wakala aliyeniletea bei hizo anadai kwamba kampuni zote ni mamoja na tofauti yao ni kalenda wanazogawa mwezi wa Desemba, lakini sijaridhika na jibu hilo.

Kuna mambo matatu ambayo huenda yakaathiri ushauri wenu. Mdogo wangu wa miaka 22, ambaye amepata leseni mwaka huu, huliazima gari wikendi. Pili, mwenye gari wa kwanza alibadilisha bomba la moshi na kuweka rimu kubwa zaidi. Tatu, ninatamani kushiriki mara moja au mbili kwa mwaka katika yale mashindano ya kupimwa muda upande wa Nakuru. Je, mbali na bei, nitazame nini?

Dada_wa_Section58 (Nakuru) alijibu:

Ndugu, nilifanya kazi katika idara ya madai kwa miaka tisa kabla sijafungua biashara yangu, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu kidogo. Wakala wako amekosea. Kampuni hufanana siku unapolipa. Hutofautiana siku unapodai.

Kabla ya kulinganisha asilimia, muombe akupe nakala ya masharti ya kila kampuni, kisha utafute neno eksesi, yaani kiasi ambacho wewe mwenyewe utabeba kabla kampuni haijatoa senti. Mara nyingi bei ya chini imefichwa hapo. Tuandikie ulichokiona, tulipige hesabu pamoja.

Kuhusu mdogo wako, kampuni nyingi huongeza eksesi nyingine kwa dereva kijana au mwenye leseni isiyotimiza mwaka, juu ya ile ya kawaida. Usilifiche jambo hilo. Nimeona madai yakikataliwa, si kwa sababu ya ajali yenyewe, bali kwa sababu fomu ilisema gari linaendeshwa na mwenyewe tu, ilhali abstrakti ya polisi, yaani hati yao ya taarifa ya ajali, ilikuwa na jina la mtu mwingine. Bomba na rimu vilevile viandike kwenye fomu, hata kama wakala atakuambia haina haja, kwa maana si yeye atakayekataliwa fidia.

Kuhusu mashindano, jibu ni fupi: bima ya kawaida ya gari la binafsi haihusu mbio, rali wala majaribio ya mwendo. Ukiharibu gari huko, ni lako.

Mkaazi_wa_Milimani aliandika:

Asante sana, Dada. Nimeyapata masharti. Kampuni ya asilimia 3.5 ina eksesi ya asilimia 5 ya thamani ya gari kwa ajali, na gari likiibwa ni asilimia 20 kama halina kifaa cha kulifuatilia, au asilimia 10 kama kipo. Ya asilimia 4 ina eksesi ya asilimia 2.5 kwa ajali, na kwa wizi inafanana na ile ya kwanza. Ya asilimia 5.5 bado haijaniletea karatasi.

Dada_wa_Section58 alijibu:

Sasa tazama. Kwa kampuni ya kwanza unaokoa shilingi 14,500 kwa mwaka. Ukipata ajali moja, utabeba 145,000 badala ya 72,500, yaani utapoteza 72,500 zaidi. Hizo ni akiba zako za miaka mitano kamili, zimekwenda na kona moja. Na ukiacha kununua kifaa cha kulifuatilia gari, wizi utakugharimu 580,000 mfukoni mwako badala ya 290,000.

Uliza pia kama wanauza kinga ya eksesi, ambayo ni nyongeza ndogo inayofuta eksesi ya ajali, na uliza inafuta eksesi zipi, kwa sababu ile ya dereva kijana mara nyingi hubaki palepale.

Jambo la mwisho, nalo kwa gari kama lako ndilo zito kuliko yote: thamani. Usidanganyike kuandika milioni 2 ili ulipe kidogo. Ukifanya hivyo, nalo gari lina thamani ya milioni 2.9, kisha ukapata hasara ya shilingi 600,000, kampuni itakulipa kwa uwiano huohuo, yaani takriban 413,800, kisha itoe eksesi humo. Kwa upande mwingine, ukiandika thamani kubwa kupita kiasi hutalipwa hiyo kubwa, kwa maana fidia hufuata bei ya soko ya siku ya hasara. Gari la aina yako halionekani kila siku katika yadi za Kisumu, kwa hiyo mthamini anaweza kukadiria kwa kubahatisha. Omba thamani iliyokubaliwa na pande zote mbili iandikwe ndani ya mkataba. Si kampuni zote zitakubali, na mimi ningechagua ile inayokubali hata kama ni ghali kwa elfu kumi.

Kijana_wa_Eldoret alijibu:

Chukua ya mtu wa tatu, pesa inayobaki uweke mafuta. Mimi nina miaka sita sijawahi kudai chochote.

Mwenye_Impreza (Nakuru) alijibu:

Kijana, bima ya mtu wa tatu ndiyo ambayo Sura ya 405 ya sheria za Kenya inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo, na inahusu wale utakaowajeruhi au kuwaua, tena sheria inaitaka ifike shilingi milioni 3 tu kwa mtu mmoja. Gari lako mwenyewe haliguswi. Kwa gari la milioni 2.9 huo si ushauri.

Ndugu wa Kisumu, mimi nitakuambia lililonipata. Lori lilinigonga kwa nyuma nikiteremka Salgaa, na kampuni yangu ya wakati ule, ambayo sitaitaja, ikalipeleka gari katika gereji iliyo kwenye orodha yao. Nilikaa miezi minne bila gari. Liliporudi nilitia sahihi jioni, nikafurahi. Kesho yake saa nne asubuhi, jua likiwa limewaka, nikaona kwamba bampa lilikuwa la buluu moja na mlango wa buti wa buluu nyingine, na taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa imeshikiliwa kwa gundi kwa sababu ilitoka katika modeli ya mwaka mwingine. Nilirudi kulalamika nikaambiwa nimeshatia sahihi kwamba nimeridhika. Kwa hiyo uliza mapema: nani atalitengeneza, je, unaweza kuchagua gereji mwenyewe, na vipuri vitakuwa vipya au vya mtumba? Tena pokea gari mchana.

Sheria ya Bima inazipa kampuni siku 90 za kulipa dai, na ukicheleweshwa unaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Orodha ya kampuni zenye leseni ya mwaka huo huchapishwa na Mamlaka hiyohiyo. Isome kabla ya kulipa, kwa sababu kampuni ya bima inaweza kuanguka: Resolution iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2022, na Xplico ikafuata mwaka 2023.

Fundi_Kibuye (Kisumu) alijibu:

Mzee wangu, injini ya gari hilo ni ya Subaru, silinda zake zimelala, na ndugu yake ni Subaru BRZ. Vipuri vingi vya injini vinaingiliana, hilo lisikutie hofu. Shida ni bodi. Taa ya mbele na bampa huwezi kuvipata hapa Kibuye. Utatuma mtu Kirinyaga Road, Nairobi, na akikosa utaagiza Japani. Hakikisha mthamini analijua hilo.

Pili, gari hilo liko chini. Bampa la mbele litasugua matuta ukipanda Kiboswa, na michubuko ya namna hiyo usiipeleke kwa bima, utaharibu rekodi yako bure. Lakini uliza kama mafuriko yamo, kwa maana mvua ikinyesha Ahero barabara hugeuka mto, na injini ikivuta maji imekwisha.

Mkaazi_wa_Milimani aliandika:

Ninawashukuru nyote, na ninaleta ripoti. Kampuni ya asilimia 5.5 ilituma masharti yake hatimaye, na eksesi yake ilikuwa sawa na ya ile ya asilimia 4, kwa hiyo sikuona sababu ya kuongeza zaidi ya elfu arobaini. Nimechukua ya asilimia 4, baada ya kukuta jina lake katika orodha ya Mamlaka. Imekubali kwa maandishi thamani ya milioni 2.85, imekubali gereji ninayoitaka mimi, na imeandika kwamba mafuriko yamo. Pamoja na ushuru wa mafunzo, ule wa hazina ya fidia na shilingi 40 za stempu, na kinga ya eksesi, bado sijavuka 125,000. Nimelipa zote kwa pamoja kwa sababu bima haianzi kabla ya malipo, na sikutaka mkopo wa kulipia bima ambao ukikosa kulipa mwezi mmoja bima yote inafutwa.

Mthamini alikuja Jumamosi. Alilala chali chini ya gari akiwa na tochi, akapiga picha bomba la moshi mara tatu, akaniuliza lilibadilishwa lini. Nilimwonyesha fomu, limeandikwa. Akaandika na rimu.

Mashindano ya Nakuru nitakwenda kutazama. Kuhusu mdogo wangu, nimeomba bei ya kumwongeza, nikakuta eksesi yake peke yake ni asilimia 5 zaidi, na kinga ya eksesi haiifuti, kama Dada alivyoonya. Funguo sasa ninalala nazo. Hajanisemesha tangu Jumapili.