Nyavu zilizotelekezwa bahari kuu: huonekanaje, na hutolewaje majini?

Mkazi wa Kilwa: Habari zenu, wanajukwaa. Huku kwetu wavu ukinasa kwenye mwamba, wazamiaji hupajua mahali na huenda kuukata. Ninachotaka kuelewa ni habari ya bahari kuu, ambako nyavu zilizokatika au kutupwa na meli huelea na kuendelea kuua kasa na samaki bila mwenyewe kuwapo. Je, kuna njia ya uhakika ya kuzipata, au watu hutegemea bahati? Na fungu zito la nyavu zilizosokotana hupandishwaje melini?

Baharia Mstaafu: Ndugu, njia ipo, na inautegemea mkondo wenyewe. Kati ya Hawaii na California mikondo huzunguka na kukusanya uchafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kuwa eneo hilo lina takriban tani 79,000 za plastiki, na asilimia 46 ya uzito huo ni nyavu. Taasisi ya Ocean Voyages Institute, iliyoanzishwa na Mary Crowley, huwaomba manahodha wa mashua za matanga na meli zinazopita huko wafunge kwenye kila fungu wanalokutana nalo boya dogo linalotuma taarifa kwa setilaiti. Kwa kuwa vitu vinavyoelea kwa namna moja husukumwa pamoja na upepo na maji, wavu mmoja wenye boya huiongoza meli mpaka kwenye nyavu nyingine nyingi. Hapo ndipo kazi ya macho huanza: mtu hupanda juu ya mlingoti na droni hurushwa, maana sehemu kubwa ya fungu imezama na kinachojitokeza ni kamba chache zilizoota mwani.

Kulitoa kunahitaji subira. Boti ndogo hushushwa, fungu hukaguliwa kama kuna mnyama aliye hai, hufungwa kamba, kisha winchi ya mizigo huliinua taratibu ili maji yachuje. Mwaka 2020 meli ya matanga waliyoitumia, Kwai, ilirudi Honolulu baada ya siku 48 ikiwa na tani 103 za Kimarekani, yaani takriban kilo 93,000.

Mwalimu wa Tanga: Nimefurahishwa na maelezo hayo, ila yanahusu nyavu zinazoelea tu. Nyuzi za polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, lakini nailoni, ambayo ndiyo nyuzi ya jarife nyingi (nyavu za kutega), huzama, na huko chini hakuna setilaiti itakayoiona. Norwe imelishughulikia hilo tangu miaka ya 1980: sheria humtaka mvuvi aliyepoteza wavu autafute, na akishindwa atoe taarifa ya mahali ulipopotelea, kisha kila mwaka idara ya uvuvi hutuma meli inayoburuta kulabu chini ya bahari katika maeneo hayo. Kwa maoni yangu, taarifa ya mvuvi ina thamani kuliko chombo chochote.

Mkazi wa Kilwa: Ahsanteni sana. Na Bahari yetu ya Hindi, je?

Mpenda Matumbawe: Kwetu tatizo kubwa ni vielea ambavyo meli za jodari huvitupa ili samaki wakusanyike chini yake. Kila kimoja kina boya la setilaiti, na kamisheni ya jodari yenye makao yake Victoria, Shelisheli, mwaka 2019 iliweka kikomo cha maboya 300 kwa meli moja. Maana yake ni kwamba mwenyewe anajua kilipo. Mawasiliano yakikatwa kinapotoka kwenye eneo la uvuvi, mwenyewe naye hubaki gizani kama sisi mpaka kitue juu ya matumbawe. Huko Aldabra, kisiwa cha matumbawe cha Shelisheli, mwaka 2019, watu waliojitolea waliondoa tani 25 za taka, na watafiti wakakadiria kuwa zimebaki zaidi ya tani 500, asilimia 83 ya uzito huo ikitokana na uvuvi. Shelisheli wana mpango, ulioanza mwaka 2016, ambao hulijulisha shirika la uhifadhi kielea kinapokaribia visiwa ili kidakwe kikiwa bado majini. Mafia na Kilwa zinastahili kupewa taarifa kama hizo, na ningependa vikundi vya ulinzi wa bahari vya wilaya hizo vilipeleke ombi hilo kwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu.