Watu wa Vincennes walimwandikia Rais kuomba gavana. Kwa nini hawakupiga kura?

MamaNuru

Habari za jioni ndugu zangu. Naombeni msaada. Swali lenyewe si langu, ni la mwanangu wa miaka kumi na miwili, na nimeshindwa kulijibu.

Jumamosi nilimpeleka Vincennes, kusini-magharibi mwa Indiana, kwa sababu ana kazi ya darasani juu ya William Henry Harrison. Huu ni mwaka wetu wa tano Indianapolis na sikuwahi kufika kule. Tuliingia Grouseland, nyumba ya matofali aliyojengewa Harrison alipokuwa gavana wa Eneo la Indiana (yaani Indiana kabla haijawa jimbo), kisha tukashuka hadi ukingoni mwa mto Wabash. Mtoto anaandika kila kitu kwenye daftari lake.

Njiani kurudi akaniuliza: "Mama, hawa si ndio waliopigana na mfalme wa Uingereza, na moja ya mambo waliyoyachukia ni kuletewa magavana? Sasa mbona wanamwandikia Rais awaletee gavana?" Mwalimu wao amewaeleza kwamba wakazi wa maeneo mapya walikuwa wanakusanya sahihi na kupeleka maombi Washington, hawa wakitaka fulani ateuliwe, wale wakitaka fulani aondolewe. Nilikaa kimya nikiangalia barabara. Nafanya kazi zamu ya usiku, na wiki hii nimetumia kila mapumziko kusoma, lakini kila ukurasa unanipeleka kwenye sheria nyingine.

Kwa nini hawakumchagua wenyewe? Na je, Rais alizisoma kweli hizo karatasi, au ziliishia kabatini?

Karani_wa_Masjala

Dada MamaNuru, nipe nafasi nikujibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili nalipenda sana. Nilikuwa karani wa masjala kwa miaka mingi kabla sijastaafu, na sasa niko Ohio, najitolea kunakili hati za zamani zilizopigwa picha ili watu waweze kuzisoma. Maombi ya namna hiyo yamepita mikononi mwangu mengi.

Mwambie kijana kwamba swali lake waliliuliza wakazi wenyewe, tena kwa hasira. Wengine waliandika wazi kwamba utawala waliowekewa haukuwa tofauti sana na ule wa kikoloni waliokuwa wameupindua.

Mzizi wake ni sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani tarehe 13 Julai 1787 kwa ajili ya nchi yote iliyo kaskazini-magharibi mwa mto Ohio. Sheria ile ilipanga ngazi. Mwanzoni kuna gavana, katibu na majaji watatu, wote wa kuteuliwa, na gavana na majaji ndio wanaoweka sheria. Wanaume huru watu wazima wakifika 5,000, wakazi wanaruhusiwa kuchagua wawakilishi, lakini gavana anabaki wa kuteuliwa, na muswada asioutaka hauwi sheria. Watu huru wakifika 60,000 ndipo eneo linaweza kuomba kuwa jimbo. Baada ya katiba mpya, kuanzia 1789, anayeteua akawa Rais kwa idhini ya Seneti.

Tena ardhi ilikuwa ndani ya kila kitu. Gavana alitakiwa awe na ekari 1,000 katika eneo lake, na mpiga kura awe na ekari 50. Sasa angalia Indiana: hesabu ya watu ya mwaka 1800 ilitoa watu 5,641, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo. Wanaume huru watu wazima 5,000 wangetoka wapi? Mwaka huohuo Rais John Adams akamteua Harrison, kijana wa miaka 27. Aliwasili Vincennes Januari 1801, wakazi wakiwa hawajaulizwa neno.

Bunge lilikuwa na sababu zake. Serikali ilitoka vitani na madeni, na ardhi ya magharibi ndiyo iliyotegemewa kuuzwa ili kuyalipa. Waingereza walikuwa bado wanashikilia ngome upande wa maziwa makuu, Wahispania wako ng'ambo ya Mississippi. Wakubwa wa mashariki waliogopa kwamba walowezi wakiachwa wajitawale mapema wataiuza nchi kwa bei watakayo, au watafungamana na jirani. Kwa hiyo wakawawekea mtu wao.

Mkazi wa eneo kama hilo hakumpigia kura Rais. Hakumpigia kura gavana. Mjumbe wao katika Bunge, walipokuja kupata mmoja, alisema lakini hakupiga kura. Kilichobaki mkononi ni haki ya kupeleka maombi kwa serikali, ile iliyoandikwa katika marekebisho ya kwanza ya katiba mwaka 1791. Ndiyo maana waliandika sana. Kalamu ndiyo iliyokuwa kura yao.

Sasa hili ndilo ninalotaka kijana alishike: akipata nakala ya ombi, asianze na maneno ya juu. Aanze na majina. Maneno ya juu yanafanana yote: mheshimiwa huyu ana busara, ni mwaminifu kwa Muungano, anajua mahitaji yetu. Unaweza kumbadilisha mheshimiwa na mwingine na sentensi zikabaki palepale. Majina hayafanani.

Msimu wa baridi uliopita nilinakili ombi moja lililokuwa na karatasi nne zilizounganishwa. Karatasi ya kwanza ina mwandiko mzuri, wa mtu aliyesoma, na sahihi kubwa za watu wenye nafasi zao. Ya pili majina yameandikwa kwa wino uliopauka, mengi ya Kifaransa, na kando ya karibu nusu yake kuna msalaba mdogo kwa sababu mwenye jina hakujua kuandika. Ya tatu ikanisimamisha. Majina kumi na moja mfululizo, herufi zote zimelalia upande mmoja, mkia wa kila jina umekunjwa vilevile. Mtu mmoja aliwaandikia wote. Inawezekana aliwauliza. Inawezekana hakuwauliza. Nilikaa na ile picha saa nzima nikiikuza kwenye kioo cha kompyuta, maana nimeona mambo hayohayo kazini kwangu na najua karatasi inavyoweza kuzungushwa.

Karatasi nne maana yake ni kwamba zilipelekwa sehemu tofauti kwa wakati mmoja. Moja inaachwa mahakamani siku ya kikao, nyingine kwenye kinu, nyingine inazungushwa na ofisa wa mgambo. Na hapo kumbuka: ofisa wa mgambo na hakimu wa wilaya walipata vyeo vyao kwa gavana. Kwa hiyo unapoona sahihi za mahakimu zimejipanga juu kumsifu gavana aliyeko madarakani, jua wanatetea na nafasi zao.

Kuhusu kusomwa: maeneo haya yalikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje hadi 1873. Ombi lilikunjwa, likaandikwa mgongoni limetoka wapi na linahusu nini, likawekwa kwenye faili za wizara pamoja na barua za wanaotafuta vyeo. Zilisomwa. Kuzifuata ni habari nyingine.

Mfano ambao sauti zilisikika ni Eneo la Mississippi. Gavana wao wa kwanza, Winthrop Sargent, alitoka Massachusetts, na sheria alizoweka na majaji wake ziliwachukiza watu wa mji wa Natchez. Mwaka 1799 wakapeleka malalamiko Bungeni. Tarehe 10 Mei 1800 Bunge likawapa baraza la kuchaguliwa bila kungoja wale watu 5,000, na 1801 Rais Jefferson akamteua William Claiborne mahali pa Sargent. Lakini tusiwape wale wa Natchez sifa yote. Jefferson alikuwa amechukua urais kutoka kwa chama cha Sargent.

Hapa kwetu Ohio, gavana Arthur St. Clair alitawala tangu 1788. Wapinzani wake walimpelekea Jefferson mashtaka mwanzoni mwa 1802, Jefferson akamwonya akamwacha. Novemba mwaka huohuo St. Clair akasimama mbele ya mkutano wa kuandika katiba ya jimbo akalishambulia Bunge kwa maneno, na hapo akafukuzwa. Watu wa Ohio walikuwa wamechoka naye kiasi kwamba katiba yao ikamnyima gavana uwezo wa kuzuia sheria. Magavana wa Ohio walikaa hivyo mpaka 1903. Miaka mia moja!

Dada_wa_Detroit

Naongezea la Michigan, maana watoto hulipenda. Mwaka 1831 Rais Andrew Jackson alimteua Stevens T. Mason kuwa katibu wa Eneo la Michigan. Katibu ndiye anayekaimu gavana asipokuwepo. Mason alikuwa na miaka 19! Hajafikia hata umri wa kupiga kura. Watu wa Detroit walifanya mkutano, wakapeleka ombi kwa Jackson amwondoe. Jackson hakumwondoa. Na mwaka 1835, walipopata nafasi ya kuchagua gavana wenyewe kwa mara ya kwanza, wakamchagua yuleyule Mason, akiwa hajatimiza miaka 24. Kwa hiyo Karani, ombi linakuonyesha watu walivyojisikia wiki ile tu.

Karani_wa_Masjala

Kweli kabisa dada, na umesema vizuri kuliko mimi.

Msomaji_Kimya

Shikamoo Karani. Nimefuatilia mada hii tangu mwanzo na kuna jambo linanisumbua. Kila mtu anasema "wananchi waliomba". Wananchi gani? Nchi ile ilikuwa na wenyewe. Na watumwa je?

Karani_wa_Masjala

Marahaba. Hapo umegusa penyewe, na nilipaswa kulisema mapema.

Twende na Harrison. Gavana wa eneo alikuwa pia msimamizi wa mambo ya mataifa ya asili, yaani yeye ndiye anayekaa nao mezani kununua ardhi. Tarehe 30 Septemba 1809, huko Fort Wayne, Harrison alisaini mkataba na Wadelaware, Wamiami na Wapotawatomi uliochukua karibu ekari milioni tatu. Muda wake wa ugavana ulikuwa unakaribia kwisha na Rais Madison alikuwa na uamuzi wa kufanya. Mlowezi anayetaka Harrison abaki alikuwa anaitazama ardhi ile. Madison akamteua tena.

Agosti 1810 Tecumseh, kiongozi wa Washawnee, alikuja Vincennes na watu wake, akasimama mbele ya nyumba ileile aliyoiona kijana wako, MamaNuru, akamwambia Harrison usoni kwamba ardhi ile haikuwa ya wachache kuiuza. Yeye hakuwa na karatasi ya kupeleka Washington. Alikuja mwenyewe. Novemba 1811 Harrison akapigana na wafuasi wake huko Tippecanoe, Tecumseh mwenyewe akiwa safarini.

Na utumwa: sheria ya 1787 iliukataza, kifungu cha sita. Desemba 1802 Harrison aliitisha mkutano Vincennes, na wajumbe wakaliomba Bunge lisimamishe kifungu kile kwa miaka kumi. Machi 1803 kamati ya Bunge, mwenyekiti wake John Randolph wa Virginia, mwenye watumwa yeye mwenyewe, ikasema hapana, Ohio imekua bila watumwa. Hawakukoma, waliendelea kuomba. Lakini Oktoba 1807 wakazi wa wilaya ya Clark walikutana wakaandika ombi la kupinga, wakasema jambo hilo lingoje mpaka eneo liwe jimbo na watu waamue wenyewe. Ombi hilo mimi hulirudia mara kwa mara. Walikuwa watu wa kawaida, wanapingana na gavana na baraza, na majina yao yako pale.

Wanawake hawamo. Weusi hawamo, huru wala watumwa. Ukiyasoma majina, soma na hao.

MamaNuru

Nimemsomea mwanangu yote jana asubuhi nilipotoka kazini, naye anakula kabla ya basi la shule. Aliponisikia nataja Tecumseh aliacha kula. Akaniambia, "Pale mbele ya nyumba kuna nyasi tu, Mama. Nilisimama palepale." Amebadilisha kazi yake yote. Alikuwa anaandika juu ya nyumba, sasa anaandika juu ya nani aliruhusiwa kuomba.

Mwalimu amempa nakala ya ukurasa wa majina wa ombi moja la wakati ule, na amekwama kwenye ile misalaba. Anauliza aiandikeje kwenye daftari? Aiache, aandike majina tu?

Karani_wa_Masjala

Asiiache hata mmoja. Aangalie vizuri: karani aliandika jina la kwanza, akaacha nafasi, akaandika jina la ukoo. Msalaba uko katikati, na juu yake na chini yake kuna maneno mawili madogo ya kusema kwamba hiyo ni alama ya mhusika. Jina ni mwandiko wa karani. Msalaba ndio mkono wa mwenyewe, na mara nyingi utaona wino umekolea pale alipokandamiza. Anakili jina, aweke msalaba katikati kama ulivyo, kisha ahesabu misalaba ni mingapi na majina ya kuandikwa na wenyewe ni mangapi. Akimaliza naomba uniwekee hesabu yake hapa.