Naomba ushauri: wiki nzima kwenye jahazi, Dar hadi Mafia na Kilwa, mwezi wa sita

Mtoto_wa_Bahi
Habari za jioni wakuu. Nipo Dodoma, Nkuhungu. Maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni Bwawa la Mtera. Mwezi wa sita nina likizo, na kupitia binamu yangu nimepata nahodha wa kutukodishia jahazi siku saba: Dar, Mafia, Songosongo, Kilwa Kisiwani, kisha kurudi. Tupo wanne, tunalala humohumo. Naomba kujua vyakula gani haviozi haraka, na dawa ya kichefuchefu inanywewa kabla ya kupanda au baada? Usingizi umenipotea kabisa.

Binti_Zabibu
Kabla, mkuu, tena mapema. Mimi nilipanda boti ya Unguja nimetoka kula chapati na mayai. Kufika Chumbe nimelala chini, mama mmoja wa Kipemba ananipepea kwa kanga na kunisomea dua. Mpaka leo tunapigiana simu, mwanaye aliolewa mwaka juzi nikaenda harusini. Beba tangawizi.

Mzee_wa_Hombolo
Kijana, hela ya kukodi jahazi wiki nzima unapata miche ya zabibu ya kutosha kuanzia. Bahari haihami.

Nahodha_Mstaafu
Chakula baadaye. Mwezi wa sita ni kusi, upepo wa kutoka kusini, na linavuma kwelikweli. Dar kwenda Mafia na Kilwa ni kuelekea kusini, maana yake upepo unakuja usoni. Jahazi la tanga halikati upepo uso kwa uso, ni kupiga bisho: unakwenda upande huu, unageuza, unakwenda upande ule, mchana kutwa, na mawimbi yanaingia ndani. Siku saba hizo zinaweza kuishia njiani. Zamani tulishuka kusini kwa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, tukarudi na kusi. Huyo nahodha hakukwambia?

Mtoto_wa_Bahi
Alisema kuna injini ya akiba. Na nimeshatoa laki sita za kishika nafasi, kwa hiyo tarehe haibadiliki. Swali langu ni chakula na kichefuchefu tu.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku
Hao wanne ni nani na nani?

Mtoto_wa_Bahi
Mimi, mke wangu, mdogo wangu na mama.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku
Mama ana miaka mingapi? Anatumia dawa yoyote?

Mtoto_wa_Bahi
68. Ni mzima tu. Dawa za kawaida za watu wazima.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku
Kaka, hakuna dawa za kawaida za watu wazima. Dawa gani?

Mtoto_wa_Bahi
Za presha. Mwezi wa kwanza alipata kiharusi, upande wa kushoto. Sasa anatembea kwa fimbo, anaongea vizuri. Sikutaja mwanzoni kwa sababu nilijua mtaanza. Hii safari ni yake. Baba alifanya kazi Mafia kwenye mashamba ya minazi kabla sijazaliwa, akamwahidi atampeleka akapande jahazi. Alifariki 2009 hajampeleka. Nikingoja na mimi nitamzika hivyohivyo. Msinihukumu.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku
Sikuhukumu, nakuomba. Miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo hatari ya kingine ipo juu. Usiku mkiwa katikati ya Mafia na Kilwa, mdomo ukapinda, utamfikisha wapi? Choo cha jahazi ni kujishikiza ukingoni. Kupanda kwenyewe mara nyingi ni kukanyaga maji mpaka magotini, yeye na fimbo yake. Daktari wake anajua?

Mtoto_wa_Bahi
Hajui.

Jicho_la_Tatu
Naomba niseme wanachoogopa wengine. Baba marehemu, ahadi, mama mgonjwa, jahazi. Hii hadithi imepangwa. Kesho atasema laki sita zimeliwa, keshokutwa ataweka namba ya kuchangiwa. Tumeshachangishwa humu, mimi mmojawapo.

Binti_Zabibu
Hata mimi nilishangaa kidogo. Mtu ana mgonjwa halafu anauliza vyakula?

Mzee_wa_Hombolo
Niliwaambia zabibu.

Mtoto_wa_Bahi
Sijaomba shilingi na sitaomba. Niliuliza chakula kwa sababu hilo ndilo nililoweza kuuliza. Hayo mengine nilikuwa nayaogopa.

Nahodha_Mstaafu
Jicho, tuliza. Akiwa muongo, nitakayosema yatamfaa mwingine. Mwanangu, ahirisha hadi mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Kusi linakuwa limechoka, kaskazi halijashika, ni maleleji, bahari imelala. Pandeni treni ya SGR hadi Dar, kisha ndege hadi Kilindoni, Mafia, ni muda mfupi tu. Hospitali ya wilaya ipo hapohapo Kilindoni. Lala nchi kavu Utende. Mchana mnapanda ngalawa au jahazi ndani ya Ghuba ya Chole, miamba inazuia mawimbi makubwa ya nje. Mtavuka Chole mkaone popo mitini, na Juani kuna magofu ya Kua. Wakati huo papa potwe nao wanakuja upande wa Kilindoni. Majaketi ya kuokolea yahesabuni wenyewe kabla ya kupanda, na muulize chombo kina kibali cha abiria au ni cha kuvulia.

Mtoto_wa_Bahi
Nimempigia. Ni cha kuvulia. Laki sita amekubali kurudisha nusu.

Jana jioni nikamweleza mama yote, nikitegemea atalia. Akaniuliza, "Nani alikwambia nataka kulala humo?" Yeye anataka kukaa ndani tanga linapopandishwa, alione likijaa upepo kama baba alivyomsimulia, basi, ashuke anywe chai. Miezi mitatu napanga, sikuwahi kumuuliza. Jumatatu tunamwona daktari.

Jicho_la_Tatu
Nimesoma. Samahani mkuu, na pole ya mama.

Nahodha_Mstaafu
Daktari akiruhusu, niletee tarehe kabla hujakata tiketi. Nitakutazamia siku ambayo maji yanajaa asubuhi, chombo kisogee karibu na ufuko, mama asitembee mbali kwenye tope.